Opinel Namba 7: kisu kidogo chenye kipini cha mtu mzima

Wapenzi wa visu wakikutana, mazungumzo huanzia kwenye chuma. Chuma gani, kinakaa na makali muda gani, kinashika kutu au hakishiki. Mimi huanzia kwenye kipini. Kisu cha mfukoni kinachobana vidole hakinisaidii hata kama bapa lake ni la chuma cha ghali kuliko vyote, kwa sababu mkono ukichoka kazi inaharibika. Nimeshika visu vingi vya kukunja, vya dukani na vya mitumba, na sasa nasema bila kusita: udogo wa kisu utafutwe kwenye unene na uzito, kipini kiachwe kiwe cha mtu mzima. Opinel Namba 7 ndicho kisu kilichonithibitishia hilo, na ndicho ninachotembea nacho.

Nieleze kwanza kazi ninayokipa, maana kisu hakisifiwi hewani. Nina kitalu cha miche ya parachichi upande wa Kibosho, juu ya mji wa Moshi, na kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo (kijiti) cha aina nzuri kwenye shina la mche, nafanya mwenyewe. Nyumbani kuna migomba kama kwa kila mtu huku. Kwa siku moja kisu changu kinaweza kupita kwenye kikonyo cha parachichi aina ya Hass, kamba ya katani, mfuko wa mbolea, boksi la pembejeo, mkate na embe la mchana. Mtu anayefungua bahasha ofisini anaweza kuwa na mahitaji mengine kabisa, na sitabishana naye.

Kisu hiki ni cha Ufaransa. Joseph Opinel alianza kukitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, kwenye milima ya Alps, na kufikia 1897 vilikuwa vimepangwa kwa namba, kuanzia 1 hadi 12, kila namba na ukubwa wake. Namba 1 na 11 ziliachwa baadaye. Namba 6 ina bapa la sentimita 7, Namba 7 la sentimita 8, Namba 8 la sentimita 8.5. Vipande vyake ni vitano tu: bapa, kipini cha mbao, pini inayoshikilia bapa, pete isiyozunguka na pete inayozunguka. Hakuna springi wala skrubu. Uzito wake hauzidi gramu 50, na ukikitia mfukoni mwa suruali ya kazini unakisahau.

Sasa kipini. Kimechongwa mviringo, kimenenepa kidogo katikati na kutanuka tena mkiani. Vidole vyangu vinne vyote vinapata pa kukaa, na kidole gumba kinalala juu ya mgongo wa bapa au pembeni, popote kazi inapotaka. Visu vidogo vingi vya kisasa, hata vile vinavyosifiwa sana, vina kipini bapa kama sahani mbili za chuma zilizobanwa pamoja. Vinakaa vizuri mfukoni, lakini mkononi vinakulazimisha kushika kwa pembe moja tu. Chonga kikonyo ndipo utanielewa. Unavuta kisu kuelekea kwako, kiwiko kimetulia, na kifundo cha mkono kinazunguka kidogo kidogo ili mkato utoke laini. Kipini cha mviringo kinazunguka pamoja na mkono. Kipini bapa kinagoma katikati ya safari, mkato unapata mawimbi.

Na mawimbi hayo ndiyo yanayoua mche. Shina likifika unene wa penseli, nalikata juu, nalipasua katikati, kisha nachonga kikonyo pande mbili kiwe na umbo la kabari na kukiingiza kwenye ule mpasuo. Ngozi ya ndani yenye ukijani lazima igusane na ngozi ya ndani ya shina, halafu nafunga kwa naironi. Mkato ukiwa na vilima na mabonde, hewa inaingia na kikonyo kinakauka. Nikiri upungufu mmoja hapa: kisu maalumu cha kubebeshea hunolewa upande mmoja tu na upande wa pili hubaki bapa kabisa, kwa hiyo hunyoosha mkato chenyewe. Opinel imenolewa pande zote mbili. Anayebebesha miche kwa mamia kila siku anunue kile maalumu. Kwa kitalu kama changu, ambapo kubebesha kunachanganyika na kazi nyingine zote, Namba 7 inanitosha na inanifurahisha.

Inatosha kwa sababu ya wembamba wake. Bapa lina unene wa chini ya milimita 2 kwenye mgongo, na linaendelea kupungua kwa mteremko mpole hadi kwenye makali. Wapenzi wengi wa visu vya kukunja hupenda bapa nene, la milimita 3 au zaidi, wakisema ni imara. Imara kwa kazi gani? Kisu cha mfukoni si shoka. Bapa nene likiingia kwenye karoti halikati, linapasua; karoti inaachana kabla makali hayajafika chini. Kwenye parachichi lililoiva huwezi kuona tofauti, lakini kata ndizi mbichi, nanasi au boksi gumu utaiona mara moja. Chuma cha hali ya juu chenye mgongo mnene kinashindwa na chuma cha kawaida kilichochongwa kikawa chembamba. Kama kuna jambo moja ningependa kila mnunuzi aliangalie kabla ya kuuliza jina la chuma, ni unene wa bapa pale juu kidogo ya makali.

Kuhusu chuma chenyewe, Opinel hutoa aina mbili: chuma cha kaboni, chenye kaboni karibu asilimia 0.9, na chuma kisichoshika kutu kinachotoka Sweden. Mimi nilichagua cha kaboni. Kinanoleka upesi na kinapokea makali laini kabisa. Kina masharti yake, lakini. Utomvu wa ndizi mbichi una tanini, na tanini ikikutana na chuma cha kaboni hukigeuza rangi, kwanza samawati, baadaye kijivu cheusi. Watu wakiona weusi huo hudhani kisu kimeoza. Hapana. Weusi huo ni tabaka linalokikinga na kutu nyekundu, na mimi naupenda kuuangalia. Kutu nyekundu ndiyo ya kuogopa, nayo huja ukikikunja kikiwa na majimaji. Futa, kausha, paka tone la mafuta ya nazi, basi. Asiyetaka shughuli hiyo achukue kile kisichoshika kutu. Kwenye kukata hatapoteza kitu kikubwa.

Kunoa natumia kinoo cha maji, na nikiwa mbali na nyumbani natumia ule ukingo usio na rangi chini ya kikombe cha udongo. Sikipeleki kwenye jiwe la kuzungusha. Pale mjini kuna mzee anayenoa kwa jiwe lililofungwa kwenye baiskeli, fundi kwelikweli kwa mapanga na visu vya buchani. Nilipompelekea panga akakiona hiki mkononi.

“Lete na hicho nikipitishe, ni dakika moja tu.”

“Hiki naomba ninoe mwenyewe, mzee. Bapa lake jembamba, joto la jiwe litakilegeza.”

Akakipokea, akakitazama dhidi ya jua, akapitisha kidole gumba kukatisha makali. “Kweli. Hiki ni cha kunoa kwa mkono,” akanirudishia, kipini kikiwa mbele. Nilifurahi sana kuona mtu wa kazi anakubali kwa kushika tu.

Kufuli lake ni ile pete. Kampuni iliiweka mwaka 1955: unafungua bapa, unazungusha pete, mwanya unafunikwa na bapa haliwezi kurudi kwenye vidole vyako. Tangu mwaka 2000 pete hiyo hufunga pia kisu kikiwa kimekunjwa, na kwangu hili ndilo la thamani zaidi. Ukipanda bodaboda na kisu mfukoni unataka uhakika kwamba hakitafunguka chenyewe.

Hapa ndipo wapenzi wa visu vya kisasa hunipinga, na wana hoja. Tangu Spyderco, kampuni ya visu ya Marekani, walipotoa kisu chenye tundu la kidole gumba kwenye bapa na klipu ya kukibana mfukoni mwaka 1981, kufungua kwa mkono mmoja limekuwa sharti la kwanza kwa watu wengi. Opinel inataka mikono miwili: kucha inaingia kwenye kijimfereji cha bapa, mkono mwingine unashika kipini. Kidole chenye tope au mafuta kinateleza. Kitaluni nashughulika na hilo kwa kukifungua mwanzoni mwa kazi na kukiweka juu ya sinia pamoja na naironi na spiriti. Lakini aliye juu ya ngazi, au anayeshika kamba ya mnyama kwa mkono mmoja, anahitaji kisu cha namna nyingine, na asidanganywe na uzuri wa mbao.

Klipu haina, na sijaitamani hata siku moja. Klipu hukaa katikati ya kiganja na kuchoma pale unapokaza mkono, halafu huonyesha kila mtu sokoni kwamba una kisu. Huku kwetu kisu cha mtu mstaarabu hukaa ndani ya mfuko hadi kihitajike. Tatizo dogo ni kwamba kipini cha mviringo hujilaza mfukoni popote kinapotaka. Nimetoboa mkia na kufunga uzi wa ngozi, sasa nakivuta bila kutafuta.

Mbao ina tabia yake wakati wa masika. Hunyonya unyevu, huvimba, na bapa hukaza kwenye mwanya wake. Ni asili ya mbao yoyote, na watu wa Savoie wana dawa yake ya zamani: zungusha pete ifunguke, kisha gonga mkia wa kipini kwenye meza, bapa linachomoza lenyewe. Ukitaka kupunguza kuvimba, paka kipini mafuta ya kitani kikiwa kikavu kabisa, yaingie hadi kwenye mwanya, uache siku kadhaa. Kiangazi kikija, kisu kinafunguka kwa ulaini.

Kaka yangu, ambaye anaongoza watalii Arusha, habebi kitu kingine ila Victorinox, kile kisu cha Uswisi chenye zana nyingi. “Mdogo wangu, kisu kisichofungua kopo ni nusu kisu,” huwa ananiambia. Kwa mlimani namwelewa. Kopo, skrubu ya jiko na uzi wa hema vyote vinamngoja. Ni kisu kilichosajiliwa tangu 1897 na bado kinatengenezwa, hakihitaji utetezi wangu. Ila bapa lake kuu kwenye matoleo ya kawaida halina kufuli, na kipini chake chenye zana nyingi hunikaa vibaya kwenye mkato mrefu wa kuvuta.

Nacho kisu cha Okapi, kile chenye miezi na nyota kwenye kipini na pete ya kuvuta mgongoni, nakiheshimu. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na leo kinatoka Afrika Kusini. Wazee wengi wanakijua. Sauti ya meno yake ya chuma yakikwaruzana kinapofunguka inanipendeza, na kipini chake kilichopinda kinashikika vizuri. Kwa mfuko wangu ni kirefu mno, na ncha yake ndefu haifai kwa kazi ndogo ndogo za kitaluni.

Ncha, kwa kweli, ndiyo lawama yangu kubwa kwa umbo la Opinel pia. Bapa lake linapanda kuelekea mwisho, umbo zuri kwa macho na kwa kumenya, lakini mimi ningependa makali yanyooke zaidi na ncha ishuke chini. Ncha ya chini inakwenda pale kidole kinapoelekeza. Ukifungua boksi la miche, au ukianza mpasuo katikati ya shina, ncha iliyopanda inakulazimisha kuinua kifundo cha mkono. Wana kisu cha bustani chenye bapa lililopinda kama mundu, kizuri kwa kupogolea, lakini hicho kinakwenda upande mwingine kabisa. Namba 7 ile ile, kipini kile kile, wembamba ule ule, yenye makali yaliyonyooka: ningeinunua leo.

Kwa anayetaka kununua, usichague kwa macho, shika. Funga ngumi kwenye kipini: kidole kidogo kikibaki hewani, namba hiyo ni ndogo kwako. Angalia bapa likiwa limekunjwa liko katikati ya mwanya, halijaegemea upande mmoja. Zungusha pete uone inakaza bila kulegalega. Ukisafiri kwa ndege kupitia KIA, kiweke kwenye begi linalokwenda na mizigo, si la mkononi. Namba 6 inamfaa mwenye kiganja chembamba au anayetaka kisu cha matunda kwenye mkoba. Mwenye kiganja kikubwa aruke hadi Namba 8: bapa linaongezeka kwa nusu sentimita tu, lakini kipini kinaongezeka kwa takriban sentimita nzima.