Mwani kwenye tangi la samaki: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Kioo kimevaa utando wa kijani, majani ya mimea yameota nyuzi kama nywele, na wewe unawaza dawa tu. Subiri kwanza. Mwani unaishi kwa vitu vilevile vinavyokuza mimea yako: mwanga, pamoja na mbolea inayotokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki. Joto la Dar nalo linauharakisha. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kuangalia ni kipi kinaukata mwani riziki yake, maana kuufuta kwenye kioo hakumalizi kitu.

Namba moja ni taima ya umeme. Wengi wetu tunawasha taa ya tangi alfajiri tukitoka na kuizima usiku tukishavuka foleni ya Barabara ya Morogoro. Hapo mwanga umekaa zaidi ya saa kumi na mbili, wakati mimea ingetosheka na saa sita hadi nane. Ukienda Kariakoo, utaonyeshwa aina mbili. Ile ya kuzungusha kwa mkono ni rahisi kutumia, lakini umeme ukikatika kwa saa mbili nayo inabaki nyuma saa mbili, na baada ya wiki chache utakuta taa inawaka usiku wa manane. Chukua ya dijitali yenye betri yake ndani. Angalia pia iwe na plagi ya pini tatu za bapa, usije ukaunganisha adapta karibu na maji. Ila kama tangi linapigwa na jua la dirishani, hiyo hela nunulia pazia zito kwanza, au lihamishe.

Namba mbili, mimea inayokua haraka. Mmea uitwao Anubias unapendeza na ni mgumu kufa, lakini hukua polepole na mwani hupenda sana kukaa kwenye majani yake. Tafuta Ceratophyllum demersum, ule mmea wa majani membamba kama mkia wa paka, ambao hata Ziwa Victoria upo. Hauhitaji mchanga, unauachia tu uelee, nao unanyonya mbolea kabla mwani haujaifikia. Anza na mingi, si shina moja. Nunua kwa mfugaji mwenzako anayepunguza ya kwake, na tafadhali usiende kuchota mimea mabwawani: inaweza kuja na konokono wa kichocho.

Namba tatu ni mpira wa kufyonzea uchafu. Kila wiki toa robo ya maji ukiufyonza uchafu ulio chini, kisha jaza maji ya bomba yaliyotolewa klorini.

Namba nne, konokono aina ya nerite. Yule mwenye mistari kama punda milia, anayeuzwa hadi Ulaya, asili yake ni mikoko na midomo ya mito ya pwani hii yetu ya Afrika Mashariki. Anasugua kioo vizuri mno. Atakuachia mayai meupe yaliyoganda, lakini hayaanguliwi kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kwa hiyo hatakujazia tangi. Pleko, samaki anayeuzwa kama mla mwani, mwache hapohapo dukani hata akiwa mdogo kama kidole. Yule wa kawaida anazidi sentimita 30, na akikua hushughulika zaidi na chakula cha samaki kuliko mwani.

Dawa ya chupa naiweka mwisho kabisa. Nilipokuwa mgeni niliuziwa moja nikaambiwa haina madhara. Asubuhi yake kamba wangu wote walikuwa wamelala chini. Nilipoisoma lebo vizuri nikaona ina shaba, sumu kwa kamba na konokono. Iliniuma sana, kwa sababu kama ningesoma kabla ya kumimina wangekuwa hai. Hatari nyingine ni kwamba mwani ukifa kwa wingi na kuoza unakula oksijeni, na maji ya joto kama yetu hayabebi nyingi.

Kama mwani mweusi wa manyoya umegoma kabisa, nenda duka la dawa ukanunue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na bomba la sindano. Zima filta, nyunyizia polepole pale pale mwani ulipo, isizidi mililita 1 kwa kila lita 4 za maji ya tangi, halafu washa filta baada ya dakika kumi. Siku chache baadaye utaona manyoya yamegeuka mekundu. Hapo mwani umekufa.