Upele wa mbwa wa kazi: kumwogesha dawa au kumpa kidonge?

Mbwa wa kuchunga au wa ulinzi akijikuna usiku kucha, likunjue sikio lake uangalie ukingoni. Ukiona magamba makavu na manyoya yamenyonyoka, shuku upele wa utitiri wanaochimba ngozini. Huambukiza hata watu.

Dawa ya kuogesha, amitrazi, imetumika miaka mingi. Shida ni kwamba haisuuzwi. Huachwa ikaukie mwilini, na zoezi hurudiwa kila wiki moja au mbili. Mbwa anayevuka mito au kulala kwenye umande huiondoa kabla haijamaliza kazi. Tena humlegeza, na mbwa aliyelegea si wa kupelekwa lindoni.

Kidonge cha fluralaneri hudumu takriban wiki 12, na mvua haikigusi. Mimi ningechagua hiki, isipokuwa kwa mbwa mwenye kifafa. Hapo aamue daktari wa mifugo.

Ila nakusihi, usimdunge mbwa wa aina ya Collie dawa ya ng'ombe iitwayo ivermektini. Wengi wao wana hitilafu ya jeni inayoiachia dawa hiyo kuingia ubongoni, na huweza kuwaua.

Kwa njia yoyote ile, tibu mbwa wote wanaolala pamoja siku hiyohiyo, na matandiko yao yafuliwe kwa maji ya moto.