Sahani za nusu kilo kutoka Katwe

Nafundisha mazoezi ya nguvu hapa Kampala, kwenye jimu ndogo ya mtaani yenye paa la mabati, vyuma viwili virefu na benchi tatu. Miezi minne iliyopita nilimwagiza fundi wa kuchomelea kule mtaa wa Katwe anitengenezee sahani nne za nusu kilo, yaani vyuma vya duara vinavyovikwa kwenye chuma kirefu kuongeza uzito. Nimezitumia karibu kila siku tangu hapo.

Chuma chetu kirefu kikiwa kitupu kina kilo 20. Sahani ndogo kabisa tuliyokuwa nayo ni ya kilo 1.25, na kwa kuwa kila upande lazima upate yake, hatua fupi kuliko zote ilikuwa kilo 2.5. Kijana anayechuchumaa na kilo 120 mabegani haisikii hiyo. Lakini ninaye mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, miaka 52, anayesukuma chuma juu ya kichwa. Alifika kilo 25. Kumwongezea 2.5 hapo ni kumwongezea asilimia 10 kwa mkupuo, na mabega hayakui hivyo. Alikwama wiki saba. Kila Jumatano tulijaribu 27.5: chuma kinapanda mpaka usawa wa paji la uso, kinasimama, kinarudi. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, labda hapa ndipo mwisho wangu." Neno hilo lilininyima usingizi, kwa sababu kilichofika mwisho ni sahani zetu.

Basi nikaenda Katwe na mchoro: bamba la milimita 6, upana sentimita 12.7, tundu milimita 52. Tundu ndilo la kuangalia sana. Shingo ya chuma, pale sahani inapovikwa, ina unene wa milimita 50. Likibana sahani haiingii, likilegea inacheza na kugonga. Fundi alinisikia naongea Kiswahili, lugha ambayo hapa wengi huihusisha na askari, akaniita afande, na hakuacha kuniita hivyo. Alikata kwa gesi, akasawazisha kwa grainda, tundu akalipeleka kwa jirani yake mwenye mashine ya kukereza. Siku mbili, shilingi 9,000 kila moja.

Nilizipima kwenye mizani ya dijitali ya jirani yangu anayeuza mukene, yaani dagaa. Gramu 502, 497, 511, na ya nne 468. Nikairudisha. "Lete, afande," akasema, hakubishana hata kidogo. Akaichomelea mishono miwili upande wa nyuma, tukapima tena: 499. Hapo ndipo nilipomheshimu. Sahani nilizowahi kununua katika duka moja la mjini zimeandikwa kilo 10, na moja ina kilo 9.2. Mtu anayeandika kila kilo kwenye daftari lake hapaswi kufanyiwa hivyo.

Kasoro zipo. Kingo zilikuwa kali, mwanafunzi mmoja alijikata kidole siku ya kwanza, nikazipiga msasa mwenyewe jioni nzima. Zilikuja bila rangi na jasho likazitia kutu ndani ya wiki tatu. Ukiagiza, lipia na rangi ya mafuta hapo hapo, na nenda na mizani yako.

Vijana wa jimu walizidharau, wakasema ni za watoto. Niliwakumbusha mkimbiaji Joshua Cheptegei, wetu wa Kapchorwa. Rekodi ya mita 5,000 ya Kenenisa Bekele, 12:37.35, ilikaa tangu 2004. Cheptegei aliivunja Monaco mwaka 2020 kwa 12:35.36. Dunia ilingoja miaka 16, na tofauti haikufika sekunde mbili. Sasa wanazigombania kwenye benchi.

Yule mwalimu alianza na 26. Tulikaa hapo wiki mbili, tukaenda 27. Kwenye 28.5 alishindwa. Ilikuwa majira ya kusahihisha mitihani, hakuwa akilala wala kula vizuri. Nikamrudisha 26 bila kumlaumu, tukapanda upya. Jumatano iliyopita alisukuma 30 mara tatu. Alishusha chuma taratibu, akachukua daftari, akaandika kabla hata ya kufuta jasho. Halafu akaniuliza kama yule fundi anaweza kukata za gramu 250. Nimeshaagiza nne, na safari hii zina rangi.