Vikao 12 vya ushauri nasaha Nairobi: wasiwasi niliouita bidii

Nimemaliza vikao 12 vya ushauri nasaha katika kliniki ndogo iliyo karibu na Barabara ya Ngong, na ninaandika kwa ajili ya mtu ambaye, kama nilivyokuwa mimi, hana habari kwamba anaumwa, kwa kuwa kila anayemfahamu humsifu kwa uchapakazi wake.

Mimi ni mhasibu katika sacco moja ya hapa mjini. Kwa miaka saba sikuwahi kuchelewa kazini hata siku moja, na wenzangu walidhani ni nidhamu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naondoka Donholm saa kumi na moja alfajiri kwa sababu nilikwisha kuiona akilini matatu ikiharibika Barabara ya Jogoo, meneja akinisubiri mlangoni, na barua ya kuachishwa kazi ikiwa mezani pangu. Barua pepe ya mistari minne niliisoma mara nane kabla ya kuituma, kisha nikaifungua tena baada ya kuituma ili kuhakikisha kwamba sikumkosea mtu heshima. Usiku nililala kwa muda wa saa tatu au nne tu, meno yakiwa yameumana kiasi kwamba asubuhi nilitafuna mkate kwa maumivu. Methali ya mficha maradhi tulifundishwa sote shuleni, lakini sikujua kama yangu ni maradhi. Niliyaita bidii, na watu wakanipongeza kwayo.

Siku moja kifua kilinibana nikiwa ndani ya matatu, vidole vikafa ganzi, nikaamini kwamba moyo unasimama. Hospitalini nilipimwa moyo na damu, majibu yakawa mazuri, ndipo daktari kijana aliyenihudumia akaniuliza jambo ambalo sikuwahi kuulizwa: "Dada, ni lini mara ya mwisho ulipokaa bila kungojea jambo baya litokee?" Sikuwa na jibu. Aliniandikia rufaa kwa mwanasaikolojia, na barua hiyo nikakaa nayo mkobani wiki tano. Mtaani nilikokulia, jina la Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa mwaka 1910, lilitumiwa kama tusi la kumtupia mtu anayesemekana kuwa na kichaa, na nilihofu kwamba nikionekana tu kwenye ngazi za kliniki ya aina hiyo nimekwisha.

Kikao cha kwanza kilianza na hojaji fupi ya maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita, ambayo imekuwa ikitumika tangu mwaka 2006. Kila swali lina alama 0 hadi 3, na anayefikisha 10 au zaidi huhitaji kuchunguzwa kwa makini. Nilipata 16. Mshauri, mama wa makamo ambaye alinisahihisha kwa upole nilipomwita daktari na kunieleza kwamba yeye hatoi dawa, aliniomba nisimulie hali yangu. Nilisimulia kwa Kiingereza, kwa utaratibu, kana kwamba nawasilisha hesabu za mwaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na nyumbani, ukiongea na mamako, ungemwambia nini?" Nikajibu kwamba ningemwambia roho yangu inakaa juu juu, haishuki hata nikilala. Hapo ndipo nililia. Tangu siku hiyo tuliongea Kiswahili, na nawashauri wote wauonee fahari uamuzi huo na kuuomba waziwazi, maana mimi kwa Kiingereza ningeweza kujificha miezi mingi.

Nilitarajia kufarijiwa, badala yake nilipewa kazi ya kufanya. Tiba aliyoitumia, ambayo misingi yake iliwekwa na daktari Mmarekani Aaron Beck katika miaka ya 1960, humtaka mtu alikamate wazo linalomtisha na kulipima kwa yale yanayotokea kweli. Nilinunua daftari la kurasa 96 na kulipiga mstari katikati: kushoto naandika ninachoogopa, kulia naandika kilichotokea. Wiki ya nne niliagizwa nitume barua pepe baada ya kuisoma mara moja tu. Nilikaa na kidole juu ya kitufe mpaka chai ikapoa. Upande wa kushoto nikaandika, "Ataniona mzembe, atamwambia meneja." Jibu lilikuja baada ya saa mbili: "Sawa, asante." Nikaliandika kulia vile vile lilivyo, maneno mawili, na nikayatazama kwa muda mrefu. Wiki ya saba niliambiwa nipande matatu ya saa kumi na mbili na nusu. Nilichelewa kwa dakika 20, na meneja akaniuliza kama barabarani kuna ajali.

Zoezi lililonisaidia zaidi, hata hivyo, ni la kuutengea wasiwasi saa yake: dakika 20 kila jioni, kwenye kiti kimoja, na wasiwasi ukibisha hodi mchana unauambia usubiri jioni. Mwanzoni nililiona la kitoto. Kufikia mwezi wa tatu, mara nyingi jioni ilifika nikakosa la kuwaza.

Kasoro zipo, na ni haki kuzitaja. Kila kikao kilinigharimu shilingi 3,500, na bima ya kazini ilikataa kulipa kwa madai kwamba mshauri hayumo katika orodha yao, jambo lililonilazimu kukutana naye kila baada ya wiki mbili badala ya kila wiki. Viti vya mapokezi vimepangwa vikitazamana, na mtu mwenye wasiwasi hahitaji kutazamana na mgeni kwa nusu saa. Aidha, ukuta wa chumba ni mwembamba; niliwahi kumsikia mtu akilia upande wa pili, nikashusha sauti yangu kwa kikao kizima. Nilipomweleza mshauri, alitafuta redio na kuiweka kwenye ukumbi, na tangu hapo sikusikia tena mtu.

Kabla ya kulipa popote, ulizia usajili. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili, na mshauri wangu hakuona vibaya nilipouliza. Alininyooshea kidole cheti kilichokuwa ukutani.

Kikao cha 12 nilijaza tena ile hojaji nikapata 6. Siku za kufunga hesabu za mwezi bado kifua hunibana, na nimekubaliana naye kwamba tutaonana Jumamosi moja kila mwezi hadi Desemba. Daftari liko ukurasa wa 71.