Wakala wa kuzalia ng'ambo: nyota mbili, na moja ni ya kahawa

Kazi yangu ni makaratasi. Mwaka wa kumi na moja huu niko ofisi ya kliaringi, najaza fomu za forodha za makontena ya watu, na nikiwekewa faili mezani jicho huenda lenyewe penye kasoro. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akasema nilikwenda pale nikiwa na nia mbaya. Nilikwenda na pesa mkobani.

Bwana angu ni baharia. Mwaka juzi aliitwa akapande meli Antwerp, Ubelgiji, viza ikachelewa siku nne, meli ikang'oa nanga. Mwenzake Mkroatia, aliyeitwa siku hiyo hiyo na ambaye pasi yake haidai viza kule, alikata tikiti akaenda zake. Tangu hapo wimbo nyumbani ni mmoja: mtoto wetu asije akayaona haya. Mimba ilipofika miezi minne, Machi 2025, akanitumia namba ya wakala wa hapa mjini anayepanga safari za kwenda kujifungua Marekani, ili mtoto apate uraia wa huko kwa kuzaliwa.

Ofisi ni safi. Kiyoyozi kinafanya kazi, na Machi ya Mombasa mwaijua wenyewe. Kijana mmoja mpole aliniletea kahawa tungu na kipande cha halua kabla hata hajaniuliza jina. Nyota ya kwanza hiyo. Kufungua faili ni shilingi 20,000, nikalipa, na risiti wanatoa.

Ukutani wametundika bendera tano, ya Uingereza na ya Ireland zimo. Sasa, Uingereza iliacha tangu 1983 kumpa uraia kila anayezaliwa kwao, na Ireland walipiga kura ya maoni 2004 wakaufunga mlango huo. Nilipouliza, kijana akacheka: "Hizo ni pambo tu, dadangu." Haya.

Nyota ya pili ni ya hesabu zao. Dola 19,500 bila tikiti ya ndege, lakini wameipasua mstari kwa mstari: hospitali, nyumba ya kupanga miezi mitatu, daktari wa mtoto, karatasi za pasipoti. Wakaniambia wazi kuwa nikizaa kwa upasuaji bei inapanda. Wengine wangelificha hilo hadi niko kitandani.

Hapo ndipo mazuri yalipoishia.

Akaja bosi mwenyewe, mwanamke wa makamo, manukato yametangulia. Akanieleza kuwa mtoto akishazaliwa tu, mimi na babake twapata grini kadi, kile kibali cha kuishi Marekani daima. Si kweli. Mtoto hawezi kuwaombea wazazi mpaka atimize miaka 21. Nikapiga hesabu hapo hapo: 2046, bwana angu atakuwa na miaka 62, na sidhani atakuwa bado anatafuta meli. Kodi hakuitaja kabisa, na raia wa Marekani hutakiwa kuitolea nchi ile hesabu za mapato yake hata akiishi Kisauni maisha yake yote. Amri aliyotia saini Trump Januari ya mwaka ule ule wa 2025, ya kuwanyima uraia watoto wa wageni wenye viza ya muda kama mimi, nayo hakuigusa. Mahakama zilikuwa zimeizuia, ndiyo, lakini kesi ilikuwa mbichi. Mtu anayekutoza karibu dola 20,000 akwambie!

Halafu akaniongezea shilingi 35,000 za "kulinda Ukenya wa mtoto". Katiba ya 2010, Ibara ya 14, inasema mtoto wa Mkenya ni Mkenya popote atakapozaliwa, na katiba hiyo hiyo yakubali uraia wa nchi mbili. Nikamwambia hivyo. Akasema ni ada ya hiari.

Lakini lililoniondoa kitini ni la viza. Tangu Januari 2020 Marekani ina kanuni kwamba anayekwenda hasa ili mtoto apate uraia hapewi viza ya matembezi. Bosi anaijua kanuni hiyo vizuri sana, maana dawa yake anayo. Akaniambia niombe mapema tumbo likiwa dogo, nikifika ubalozi wao wa Gigiri, Nairobi, niseme naenda harusi ya binamu. Nisafiri wiki ya 32, kabla ndege hazijaanza kunikataa. Kisha akanitazama juu mpaka chini, akatabasamu: "Wewe hata huna shida, mamangu. Umevaa buibui. Chukua pana kidogo tu, hakuna atakayejua."

Nilinyamaza. Buibui nililovaa siku ile lilikuwa la marehemu mamangu, nililipunguza mwenyewe kwa cherehani. Sikuwahi kufikiri kuwa mtu anaweza kuliona akaona turubai la kufunikia magendo.

Kule kazini, mteja akinambia niandike mitumba na ndani mna simu, namrudishia karatasi zake. Kontena hukamatwa, na jina linaloandikwa ni la aliyetangaza, wala si la aliyemshauri. Viza ni vivyo hivyo: ukibainika umedanganya waweza kufungiwa Marekani maisha, na bosi atabaki na kiyoyozi chake.

Nilipokataa, bwana angu alinuna wiki mbili, simu za "sawa" na "haya". Alipofika Durban akanipigia kuuliza kama nimekula embe, nikajua yamekwisha.

Kurudishiwa pesa kumekuwa kazi ya pili. Simu hazipokelewi, nikienda kijana yule yule ananiletea kahawa. Nimejifungua hapa hapa Mombasa, arobaini imepita, ndipo zikaingia shilingi 9,000 kwa M-Pesa. Zilizobaki wanasema ni gharama za faili. Faili lenyewe nimelichukua. Ndani mna nakala ya pasi yangu, picha mbili, na kalamu yenye jina lao. Kalamu inaandika vizuri.