Grafu, au kuondoa herufi moja?

Tuseme uko Soko la Majengo, Dodoma. Kilo 2 za zabibu na 1 ya karanga ni shilingi 9,000. Kilo 1 ya zabibu na 3 za karanga, 14,000. Kilo moja ya kila kimoja ni bei gani? Tuite ya zabibu x na ya karanga y, kwa maelfu, tupate milinganyo miwili: 2x + y = 9 na x + 3y = 14.

Anayetumia grafu hutafuta nukta (x, y) za kila mlinganyo na kuziunga kwa mstari. Mstari wa kwanza: (0, 9), (2, 5), (4, 1). Wa pili: (2, 4), (5, 3), (8, 2). Mbili zinatosha kuchora. Ya tatu ni mlinzi, isipokaa kwenye rula ujue umekosea mahali. Utamu wake ni kuliona jibu: pale mistari inapokatana ndipo bei zinakubaliana na manunuzi yote mawili. Ikiwa sambamba, jibu hakuna. Ikilaliana, majibu hayahesabiki. Tatizo ni penseli butu. Hapa utasoma 2.5 na 4, na muuza karanga atafurahi kweli.

Kuondoa: zidisha mlinganyo wa pili kwa 2, toa wa kwanza, x inatoweka, inabaki 5y = 19. Karanga 3,800, zabibu 2,600, kamili. Kwenye mtihani mimi huondoa kwanza, grafu naichora pembeni kuhakiki tu.