Miezi mitatu na dadu mfukoni

Dadu yenyewe ni ya kawaida kabisa: plastiki nyeusi, vitone vyeupe, milimita 16 kila upande. Sikuinunua kwa ajili ya mchezo. Nilikuwa nimechoka kukaa ukingoni mwa kitanda kila asubuhi nikipima nianze na lipi. Njia mbili zilimshinda fisi, na mimi zangu zilikuwa sita kila siku.

Naitumia hivi: naandika mambo sita kwenye karatasi, narusha mara moja, natii. Sharti ni kwamba kila ninachoandika kiwe kitu ninachoweza kukifanya bila kinyongo. Dawa, kodi ya nyumba na ahadi niliyompa mtu haviingii kwenye karatasi hiyo kamwe.

Kabla ya kuiamini niliipima. Pande zinazotazamana zinajumlisha 7, kama inavyotakiwa. Kisha nikaitia kwenye glasi ya maji ya chumvi nyingi mno hadi ikaelea, nikawa naisukuma kwa kidole nione kama kuna namba itakayong'ang'ania kuibuka juu. Haikung'ang'ania yoyote. Dadu iliyoelemea upande mmoja hujifichua hapo.

Nilijaribu pia programu ya simu, nikaiacha baada ya wiki moja. Kubonyeza tena ni rahisi mno. Siku ya tatu nilibonyeza mara nne mpaka likaja jibu nililolitaka. Dadu ikishatulia mezani imetulia, na kuiokota urushe tena ni kitendo ambacho mkono wenyewe unakionea aibu. Sarafu nayo inajua ndiyo na hapana tu. Isitoshe, watafiti walioongozwa na František Bartoš walirusha sarafu mara 350,757, wakaripoti mwaka 2023 kwamba huangukia upande ule ule ilioanza nao kwa asilimia 50.8. Ni tofauti ndogo, hainisumbui. Kinachonisumbua ni kubanwa kwenye mambo mawili.

Jioni moja ya Jumapili niliandika: kufua, kusoma, kupanga droo, kutembea, kulala mapema. Mstari wa sita ukabaki mtupu. Nikakaa nao kitambo, kisha nikaandika: kumpigia dada. Tulikuwa hatujazungumza tangu mwaka uliopita. Dadu ikabiringika, ikagonga kikombe, ikasimama. Vitone vitatu huku, vitatu huku.

Nilipiga kabla sijakaa vizuri.

“Dada, shikamoo.”

“Marahaba. Kuna nini?”

“Hakuna kitu. Nilitaka kusikia sauti yako.”

Akanyamaza, nikasikia akivuta kiti. Tulizungumza dakika 52. Najua ni mimi niliyeandika mstari ule, si dadu. Lakini nilikuwa nao kichwani miezi yote ile na haukunisogeza hata hatua moja.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi. Mchumi wa Marekani Steven Levitt aliwaachia watu sarafu iwaamulie mambo mazito, kama kuacha kazi au kuachana na mwenzi, na sarafu hizo zikarushwa zaidi ya mara 20,000. Miezi sita baadaye, waliobadilisha maisha yao walikuwa na furaha kuliko waliobaki palepale. Nayaheshimu matokeo hayo, ila ndoa ya mtu siwezi kuiweka kwenye mstari wa nne wa karatasi yangu. Huko kuna mtu mwingine ambaye hakushika dadu.

Kwa mtu anayepoteza saa nzima kuchagua kati ya mambo ambayo yote ni mema, naipendekeza kwa moyo wote. Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano naizuia kwa sababu ya pembe zake: zimeviringwa mno, inakimbia hadi chini ya kabati, na rangi ya vitone upande wa tano imeanza kubanduka. Nikinunua nyingine, nitatafuta yenye pembe kali.